Sauti Niliyoiacha Kwenye Chumba cha Miwani

Kisumu walinijua kwa sauti kabla ya kunijua kwa sura. Uliza mtu yeyote wa Kondele aliyeoa au kuzika miaka ya karibuni, atakwambia: kama Odero ndiye ameshika maikrofoni, jenereta ikizima hakuna shida. Nilisoma mpaka darasa la sita. Nikabeba magunia ya omena, dagaa wa ziwa letu, ufukweni Usenge, nikauza viatu vya mitumba, nikafungua kibanda cha video Obunga, na leo nina ghorofa nzima juu ya duka la magodoro, na ndani yake kuna chumba ambacho watu wenye digrii wanapanga foleni kuingia. Sikurithi hata kijiko.

Haya naandika kwa sababu siwezi kuyasema. Walinitoa kisanduku cha sauti. Napumua kwa tundu la shingoni, na mdomo wangu sasa kazi yake ni kula tu. Mambo ya dawa waulize madaktari, wamesoma. Mimi naandika kwa ajili ya wewe ambaye umeambiwa juzi tu kwamba sauti yako inatolewa, na bado unayo, na umepewa wiki mbili au tatu za kungoja. Nitakwambia mimi nilizitumiaje zangu.

Kwanza chumba, maana bila chumba hutanielewa. Ukiingia huoni kitu. Sakafu ya mpira mweusi, kuta tupu, kamera ndogo kwenye kona nne za dari, na miwani ishirini imening'inia kwenye misumari kama kofia za askari. Ni miwani mikubwa ya kufunika nusu ya uso, ina spika zake na maikrofoni yake. Ukiivaa, kuta zinaondoka. Unajikuta umesimama kando ya ziwa, katika kijiji cha zamani, kabla reli haijafika huku, na wote mliovaa miwani mnaonana humo, kila mtu na sura yake ya humo. Kijiji tulikiita Thurwa, yaani kwetu. Atieno ndiye alikichora, nyumba kwa nyumba, mpaka moshi wa jikoni. Ni msichana aliyesomea kompyuta, nikamwajiri wakati hakuna aliyemtaka, na sijawahi kukosea kuchagua mtu.

Kila Jumamosi mchana walikuja wenyeji wa Thurwa, watu kama kumi na tano. Si mchezo wa kupigana risasi, ni mchezo wa kuishi. Mwendesha bodaboda humo ni mganga. Karani wa benki ni mfinyanzi, na aligombana miezi minne na mume wake wa humo juu ya shamba la mtama ambalo halipo duniani. Mwalimu mstaafu anaunda mashua. Hakuna kushinda. Wanalima, wanaoana, wanashtakiana, na kesi zote zinakuja mbele ya Ruoth, yaani mtawala. Ruoth alikuwa mimi. Chumba ni changu, nilitaka awe nani mwingine?

Mke wangu Rose hakulipenda hilo jina. Kanisani kwao Ruoth ni Mungu. "Ruoth ni mmoja tu," aliniambia, "na hakai juu ya duka la magodoro."

Mwenyeji akikosa kuja, sura yake haiondoki kijijini. Inabaki imekaa mahali pake, na wakiigusa inasema maneno aliyoyarekodi mwenyewe. Tunaiita kivuli. Kivuli cha mfinyanzi husema, "Vyungu bado vibichi, rudi kesho." Kwa hivyo Thurwa haijawahi kukosa watu.

Na kulikuwa na pakruok. Sisi Wajaluo kwenye sherehe tuna hiyo kitu: ngoma ikiwa imeshika moto, mtu anainua mkono, muziki unasimama, naye anajisifu kwa majina mpaka watu wapige vigelegele, halafu ngoma inaendelea. Wengine wanasifu marafiki, wengine mke. Mimi nilijisifu mimi. Humo Thurwa ilikuwa ndiyo kilele cha Jumamosi yetu. "Mimi wuod nyar Alego, mwanaume aliyezaliwa na meno, ndovu aliyevuka ziwa bila kulowa magoti." Wuod nyar Alego maana yake mtoto wa binti wa Alego. Ndivyo mtu wetu anavyojisifu, kwa kutaja kwao mama yake.

Sauti ilianza kukwaruza mvua za vuli zilipoanza. Nikasema ni vumbi. Nikasema ni harusi tatu wikendi moja. Nikanywa tangawizi na ndimu mpaka tumbo likaniuma. Rose alisema twende hospitali, nikamwambia mtu anayeishi kwa koo lake analijua koo lake. Krismasi ikapita hivyo.

Aliyegundua alikuwa mama. Anaishi kwetu Seme, si mbali na soko la Kombewa. Ni mzee sana, na macho yalizima miaka mingi iliyopita. Mimi nikifika kwake sikuwa napiga hodi, nilikuwa najitangaza kutoka getini kwa pakruok, naye anacheka akiwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Naweka chini sukari na mafuta, napiga stori dakika kumi gari likiwa linanguruma, nageuza. Nilikuwa mtu wa shughuli. Siku hiyo nilijitangaza kama kawaida, na hakucheka.

"Odero," akasema, "hiyo sauti ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Si yako. Hiyo imeingia mchanga."

Sijui kwa nini nilimtii yeye na si Rose. Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja hospitali ya Kombewa, na kijana aliyenipokea aliniuliza swali moja tu: "Imekwaruza kwa muda gani, Mzee?" Nilipomjibu akaacha kuandika. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mjini.

Kuhusu foleni. Maisha yangu yote watu ndio walikuwa wananingoja mimi, kwa hivyo sikujua kungoja. Benchi la kliniki ya koo ni la mbao, limeng'arishwa na makalio ya watu. Unafika alfajiri, unapewa namba, unakaa mpaka mgongo unakuwa ubao. Mara ya kwanza walinipitisha kamera puani, machozi yakatoka yenyewe. Mara ya pili walinilaza wakakata kipande. Mara ya tatu joto la Januari lilikuwa limeshika, na daktari, mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, alifunga mlango kabla ya kukaa.

"Mzee, tumepima. Ni kansa, iko kwenye kisanduku cha sauti. Tukikitoa chote, una nafasi nzuri. Tukikiacha itakufunga pumzi."

"Na nitasemaje?"

"Hutasema kama unavyosema sasa. Kuna njia zingine, tutakufundisha pole pole."

"Daktari, wewe unajua mimi ni nani?"

"Najua. Uliendesha harusi ya dada yangu. Ndiyo maana nilifunga mlango."

Akanipa siku ya upasuaji, wiki mbili na nusu mbele. Nikatoka nje kwenye benchi. Aliyekaa karibu yangu alikuwa Mzee Okumu wa Usenge, mnunuzi wa samaki, tulikuwa tumezoeana kwa foleni. Yeye alikuwa ameshakatwa mwaka uliopita, ana kitambaa shingoni na daftari la shule mapajani. Alinitazama uso akajua. Akaandika, akanisukumia daftari: SEMA NA WATU WAKO SASA.

Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi nina mitambo. Sauti yangu itabaki."

Akalichukua daftari lake, akalifunga.

Mimi si mtu wa kukaa nikalia. Jioni ile ile nilimwita Atieno nikamwambia tunarekodi. Kila kitu. Kisanduku kikienda, kivuli cha Ruoth kibaki Thurwa na sauti yangu yote. Atieno alifikiri kidogo, kama kawaida yake.

"Mzee, ni wazo zuri. Lakini turekodi pia maneno ya kawaida. Ndiyo, hapana, asante, majina ya watu wa nyumbani. Na ngoma tuzime, nipate sauti tupu."

"Pakruok bila ngoma ni mtu anaropoka peke yake."

"Basi siku moja ya ngoma, siku moja bila."

"Atieno. Nani alijenga hiki chumba?"

Akaenda kuandaa mitambo. Yeye ni mtu wa heshima, na hapo ndipo heshima ilituponza.

Wenyeji wa Thurwa waliomba ruhusa kazini, wakaja siku za katikati ya wiki. Tukavaa miwani. Mganga alipiga ngoma, mfinyanzi alipiga vigelegele mpaka miwani yake ikaingia ukungu, akaivua, akaipangusa, akavaa tena. Nami nilisimama katikati ya kijiji na koo lililobaki nikajisifu. Nilijisifu kwa Usenge, kwa Obunga, kwa ghorofa. Nilijisifu kwa meno, kwa magoti, kwa gari. Nikipoteza pumzi wanaendeleza ngoma mpaka nirudi. Siku nne. Sema unavyotaka, sijawahi kupendwa hivyo, wala sijui kama mtu mwingine Kisumu amewahi.

Siku ya mwisho Rose alikuja. Alikuwa hajawahi kupanda zile ngazi. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa kanisani, akatuona watu wazima tumevaa miwani tunazunguka kwenye chumba kitupu. Nikaivua.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza. Masaa manne na zaidi."

"Na mimi umenirekodia nini?"

"Zote ni zako. Utakuwa unasikiliza."

"Sawa, Baba," akasema. Akashuka ngazi.

Ilikuwa siku tatu kabla ya kulazwa. Siku tatu nilikuwa na sauti, imeharibika lakini ipo, na nyumba nzima ya watu. Nilizitumia kupumzisha koo. Nilisema nisilichoshe kabla ya operesheni. Nilikuwa naashiria kwa mkono nikitaka chai.

Operesheni ilichukua mchana mzima. Nilipoamka nilitaka kumwita Rose, mdomo ukafunguka, hewa ikatoka kwa shingo. Hicho kitu hakuna anayeweza kukueleza kinavyokuwa, hata akijaribu. Unasukuma neno na neno linakufa chini ya kidevu. Nilisukuma tena na tena kama mtu anayewasha pikipiki iliyoisha mafuta, mpaka sista akaniwekea mkono kifuani akasema, "Polepole, Mzee. Haiko tena. Tumia hii." Akanipa kalamu. Mimi na darasa la sita langu. Naandika polepole, na herufi zangu ni kubwa kama za bango. Daktari anauliza swali, kabla sijamaliza kujibu ameshapita kitanda cha tatu.

Siku kumi na mbili nilikula kwa mrija wa puani. Uji mwembamba, maziwa, uji tena. Nilikuwa mtu wa kilo zaidi ya mia moja. Suruali ya kuendea nyumbani Rose aliifunga kwa kamba ya kiatu, kwa sababu mshipi ulikuwa umeisha matundu. Na nilijifunza vitu ambavyo sikuwahi kuviwaza. Huwezi kupuliza chai ipoe. Huwezi kunusa, samaki akioza jikoni wewe umekaa tu. Ziwani huingii tena, maji yakipita shingo umezama ukiwa umesimama. Mimi niliyekuwa naogelea Usenge tangu sijavaa suruali, sasa naoga kwa beseni na kitambaa kama mtoto wa wiki mbili.

Mionzi ilianza na mvua za masika, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki sita. Ndio msimu uvuvi wa omena unafungwa ili zizaliane, ufukwe unakaa kimya, na wale wadudu wadogo wa ziwa wanapanda angani kama moshi. Watu wanafunga mdomo wakipita. Mimi nafunga shingo kwa leso, na bado wanaingia, nakohoa mpaka damu. Ngozi ya shingo iligeuka nyeusi, ikachunika. Benchi la mionzi lina faida moja: wote mko pale kila siku, mnajuana. Kulikuwa na mama mmoja wa Obunga, muuza samaki wa kukaanga, ana uvimbe kooni kama wangu wa mwanzo. Yeye alikuwa ananiletea uji wa mtama kwenye chupa na kuninyang'anya kalamu nikiandika sana. "Baba, wacha kuhubiri," anasema, "kunywa."

Nyumbani Rose hakunilaumu. Ingekuwa afadhali. Siku moja, nikiwa nimelala mchana, nilisikia sauti yangu jikoni. Nikainuka kama mwizi, nikachungulia. Amesimama mbele ya jiko, simu sikioni, anasikiliza ujumbe wa sauti niliomtumia zamani, sijui mwaka gani, nikiwa njiani kutoka harusi: "Rose, nimechelewa kidogo, usifunge geti." Basi. Unaisha, anaurudia. Masaa manne ya Ruoth yako kwenye kompyuta na hajawahi kuyaomba.

Mionzi ilipoisha nilirudi chumbani, Jumamosi. Walinipigia makofi. Nikavaa miwani, kuta zikaondoka, na nikajiona mwenyewe. Kivuli cha Ruoth kimekaa kwenye kigoda, kinene, kinang'aa, kama nilivyokuwa. Mwalimu, kwa furaha tu, akakigusa. Ngoma ikalia na sauti yangu ikajaa kijiji. "Mimi wuod nyar Alego." Walipiga vigelegele, halafu wakageuka kunitazama, wakingoja niseme kitu. Mfinyanzi akaja akasimama mbele yangu.

"Ruoth, unaendeleaje?"

Nikanyoosha kidole kwa kivuli. Akakigusa. Kikasema kimevuka ziwa bila kulowa magoti. Akakigusa tena kwa upole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kikasema kimezaliwa na meno. Hapo ndipo nilielewa nilichofanya. Masaa manne, na hakuna pahali pamoja ambapo huyo mtu anasema sijambo, au pole, au asante kwa kuja. Hakuna jina la mtu hata mmoja ila langu.

Nilivua miwani nikakaa chini kwenye ule mpira.

Atieno alijaribu. Kuna programu, unaipa sauti ya mtu nayo inajifunza kusema chochote utakachoandika. Lakini inajifunza kwa ulichoipa. Alijaribu wiki mbili kutoa ngoma na vigelegele, havikutoka vyote, na chini ya ngoma hakukuwa na mtu anayeongea, kulikuwa na mtu anayepiga kelele. Nilimwandikia maneno ya kujaribu: Mama, umekula? Ikatoka kama mtu anatangaza mshindi uwanjani, na nyuma yake kitu kama sherehe iliyo chini ya maji. Atieno akanitazama. "Nikipata hata dakika kumi za wewe ukiongea tu, Mzee. Hata kwa simu." Tukatafuta. Video za harusi zote zilikuwa na muziki na vigelegele vile vile. Mimi nilikuwa napiga simu, situmi ujumbe. Zilizopatikana kwa Rose na watoto hazikufika dakika moja. Nikamwashiria kwa mkono azime.

Nilikuwa sijamwona mama tangu Januari. Rose alikuwa anaenda, akamwambia kila kitu. Mama alicheka: "Odero asiyesema? Huyo hajazaliwa." Akiambiwa leo anasikitika, kesho imetoka kichwani, kesho kutwa anauliza Odero atakuja lini.

Nilienda mwisho wa masika. Nilikuwa na mpango wangu. Niliweka pakruok moja kwenye simu, fupi, na spika ndogo mfukoni. Tulipofika getini Rose akaona ninachotaka kufanya.

"Usifanye hivyo," akasema. "Ingia tu, umshike mkono. Mimi nitaongea."

Nikabonyeza.

Sauti yangu ikavuka uwanja. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Uso wote ukafunguka, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaweka sawa kitambaa cha kichwa. "Amekuja," akasema. "Odero amekuja." Halafu sauti ikafika mwisho wake ikakatika. Mama akabaki ameinua uso, anangoja. Nikatembea ule uwanja. Nikapiga magoti, nikamshika mkono.

"In ng'a?" akauliza. Wewe ni nani?

Rose akasema, "Ni yeye, Mama. Ni Odero."

Mkono wake ulipanda kwa mkono wangu, kiwiko, bega. Ukafika kwenye kitambaa cha shingo, ukasikia hewa ya moto ikitoka pale, akauondoa haraka.

"Odero ni mnene," akasema. "Huyu ni mifupa. Odero nimemsikia sasa hivi getini. Amepita. Ndiyo kawaida yake, ana shughuli. Huyu amemtuma?"

Rose akamweleza tena, polepole, habari ya operesheni. Mama alisikiliza kwa adabu. "Mimi sioni," akajibu, "lakini masikio yangu ni mazima. Msinifanye mtoto. Nimemsikia." Rose akanigeukia, macho yamejaa machozi, na kalamu isingesaidia mtu asiyeona. Mama akanipapasa mkononi. "Usijali, Baba. Si kosa lako. Kaa upumzike, umetoka mbali."

Nilifuta ile kitu kwenye simu kabla hatujafika barabarani. Lakini ilikuwa imeshasikika.

Siku hizi kule chumbani asubuhi si za mchezo. Mtu yeyote aliyeambiwa koo lake linakatwa anakuja, Atieno anamvalisha miwani, na anamwonyesha mahali anapotaka yeye: jikoni kwake, kando ya kitanda cha mtoto, shambani. Ukisimama jikoni kwako unaongea kama wa jikoni kwako. Hakuna ngoma. Yule mama wa Obunga alikuwa wa kwanza; mionzi haikumtosha, na ilikuwa wiki moja kabla ya kwenda kukatwa. Nilikaa kwenye kona nikimsikiliza. Alisema, "Toka kwa jua." Alisema, "Nani alimaliza chumvi?" Aliita watoto wake mmoja mmoja, wanne, kila jina mara tatu: la kumwita aje kula, la kumkanya, la kumwamsha. Halafu akasema, "Nimefika," akasema, "Nimechoka," akasema, "Leo samaki ameuzwa wote." Alichukua chini ya saa moja. Amekatwa, yuko hai, na binti yake mdogo hulala na simu yenye hiyo sauti. Wewe ukipewa wiki zako, fanya kama yeye. Anza na majina.

Kivuli cha Ruoth niliomba wakitoe. Walikataa, wakasema kibaki kimekaa kimya. Mimi humo sasa nabeba maji. Sio kazi mbaya.

Na kila Alhamisi, kutoka kliniki, naenda Seme. Sina haraka na gari nalizima. Mama ananiita Jaote, yaani mtu aliyetumwa. Namwosha miguu, namsagia viazi na maharagwe, nakaa. Nilijaribu kile kidude cha kuweka shingoni, kile kinachonguruma ukichezesha mdomo. Akasema nitoe hiyo redio mbovu. Yeye mwenyewe ndiye alitunga lugha yetu: nikibonyeza mkono wake mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana. Siku aliyoitunga aliniuliza kama kwetu ni mbali, kama nina watoto, kama nimeoa. Halafu nikamchukua kiganja, nikachora jina langu kwa kidole. Hakuwahi kusoma, akadhani namkuna. Rose akamsaidia: "Muulize kama yeye ni Odero."

"Wewe ni Odero?"

Nikabonyeza mara moja, kwa nguvu.

Akacheka. "Umeanza uongo kama yeye."

Tangu hapo sijasukuma tena. Ananieleza habari za huyo mtoto wake, na mimi nasikiliza, mambo mengi sikuyajua. Kwamba alizaliwa na homa na kijiji kizima kilisema hatapona. Kwamba alipoanza kuongea hakunyamaza, na yeye aliona ni vizuri, nyumba ilikuwa na ukimya mwingi. Kwamba tangu apate gari hajawahi kupewa uji akaumaliza.

Alhamisi iliyopita mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa, tukaingiza kiti ndani. Alikuwa amenishika mkono, ananipapasa vidole kama anavihesabu.

"Jaote," akasema, "una mama?"

Nikabonyeza mara moja.

"Unaenda kumwona?"

Mara moja.

"Ukifika, unakaa?"

Mara moja.

"Ana bahati. Ukirudi Kisumu, mtafute Odero. Mwambie sukari sitaki. Mwambie aje akae hapo ulipokaa, hata asiseme kitu. Utamwambia?"

Nikabonyeza.

"Atakubali?"

Nikabonyeza, nikaendelea kubonyeza, sikuuachia.

Akageuza uso kuelekea mvua. Kisha akatikisa kichwa.

"Wewe humjui," akasema, na yeye pia hakuniachia mkono.